Jambo Moja kwa Mwezi

Tarehe 3 Februari

Kwako Bonge, mdogo wangu,

Salamu nyingi sana. Mimi na binti yangu hatujambo, isipokuwa uchovu wa sare. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua jana kwamba mtoto wake ana miguu na miguu hiyo inakua. Nimeshona kaptura arobaini na moja kwa wiki mbili. Cherehani inanuka mafuta na mimi nanuka cherehani. Mpwa wako amepanda darasa na sasa ananisahihisha ninapozungumza.

Mwezi umeanza, na unajua maana yake. Ila kwa kuwa mwaka jana ulijisahaulisha miezi mitatu mfululizo, nakuandikia upya sheria ya marehemu mama. Kila mwezi kila mmoja anamwandikia mwenzake jambo moja la kuombewa. Moja, si matatu. Mwenzake analiomba kama lilivyoandikwa. Hakuna kujiombea mwenyewe, maana mama alisema mtu akijiombea hujipendelea. Na hakuna kumwombea mtu jambo ambalo hakuliagiza, kwa kuwa huko ni kujifanya unaijua shida kuliko mwenye shida. Yaandikwe kwenye karatasi, yasisemwe kwenye simu, ambako watu husema "haya, haya, sawa" na kukata.

Jambo langu la mwezi huu ni jirani wa ukuta wa pili. Amestaafu kazi na amenunua tarumbeta. Anajifunza wimbo mmoja, na kila akifika katikati anaanguka na kuanza upya. Niombee tarumbeta hilo linyamaze. Namna ya kulinyamazisha namwachia Mungu, simpangii.

Nitumie na kipimo cha kiuno, nikushonee suruali ya kazi. Kwenye daftari langu wewe ni sentimita tisini na sita.

Dada yako

*

Tarehe 19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Nimepata barua yako na nimefurahi kusikia mko wazima. Msalimie binti, mwambie mjomba wake naye anaandika bila kufuata sarufi na mshahara anapata.

Kazini kwema. Lifti zetu ni zilezile mbili, ya kulia yenye adabu na ya kushoto yenye tabia. Ya kushoto wiki iliyopita iligoma kati ya ghorofa ya tano na ya sita ikiwa na mawakili wawili waliokuwa wanakwenda kushtakiana. Nilipowatoa baada ya saa moja na nusu walikuwa wamepatana. Msimamizi wa jengo ameniuliza kama naweza kuigomesha tena siku ya mkutano wa wapangaji.

Tulipimwa afya, wafanyakazi wote. Daktari alinibonyeza tumbo upande mmoja, akabonyeza tena, akasema "hm." Kisha akaandika karatasi niende hospitali kubwa. Nimeiweka ndani ya kitabu cha nyimbo ili isikunjike. Si jambo la kuombewa, nakusimulia tu kama habari. Mimi namtegemea Mungu, sina haja ya kwenda kubonyezwa na watu wengine.

Tarumbeta nimeanza kuliombea. Jambo langu ni hili: niombee nipungue mwili. Kile kidirisha cha juu ya lifti ninachopitia kwenda kukagua kamba za chuma kinanibana, na mwezi uliopita nilibaki nimening'inia nusu nje nusu ndani, na abiria akaniuliza kama mimi ni tangazo.

Kiuno ni tisini na mbili.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Machi

Bonge,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare za walinzi, watu thelathini, na hakuna hata wawili wenye mabega yanayofanana.

Kwanza nikupe hongera. Maombi yako yamefika! Tarumbeta limenyamaza. Lilianza kwa kufifia, kama mtu anayeondoka nalo polepole barabarani, na sasa wiki nzima sijasikia kitu. Jirani nikikutana naye namsalimia kwa upendo mkubwa, naye ananitazama kwa mshangao. Nadhani ameona aibu ya kuacha. Sijui ulimwambia Mungu maneno gani, lakini yahifadhi.

Mtaa mzima umetulia siku hizi, hata magari. Ila simu yangu imeharibika, hailii. Nimempelekea fundi.

Sasa turudi kwenye lile neno uliloliweka katikati ya barua kama mtu anayeficha mfupa chini ya wali. "Hm." Hm ya namna gani? Daktari hasomi miaka saba ili aje aseme hm bila sababu. Na wewe karatasi ya hospitali unaifanya alama ya ukurasa! Unajua sheria inanifunga. Nimepiga magoti nikiwa na hilo tumbo mdomoni, nikakumbuka hukuniagiza, nikalimeza. Nimeishia kumwambia Mungu kwamba mdogo wangu anaomba kupungua, na kwamba kilichomo ndani ya suruali anakijua Yeye mwenyewe. Hapo nadhani sijavunja sheria, nimeisogelea tu.

Suruali ya tisini na mbili hii hapa. Jambo langu la mwezi huu ni sindano za cherehani, zinakatika ovyo.

Dada yako

*

Tarehe 8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa.

Nakuomba kitu kimoja: simamisha maombi. Acha mara moja. Yana nguvu mno. Suruali yako imefika, nzuri, mshono umenyooka, lakini nikisimama inabaki imekaa. Kiuno sasa ni themanini na sita. Kwenye kidirisha cha lifti napita kama barua inavyopita chini ya mlango, na nafasi inabaki. Msimamizi wa jengo ameniuliza kama nina mchumba.

Halafu chakula siku hizi hakina ladha, nadhani ni mimi ninayepika vibaya. Napika kidogo, nakitazama, nakifunika.

Ile karatasi uliyoiulizia ipo. Tuiache hapo. Lifti ya kushoto tumeibadilishia kamba mbili, kazi ya siku nne, na ningekueleza yote ila ni mambo ya kitaalamu. Kwanza tuliifunga ghorofa ya juu kabisa, halafu tukatoa uzito wa nyuma, halafu msimamizi akapoteza funguo, halafu akazipata mfukoni mwake. Nimekueleza yote.

Jambo langu: niombee msimamizi asihamishe kabati langu la vifaa. Anataka kuweka maua pale.

Nishonee nyingine ya themanini na sita.

Mdogo wako

*

Tarehe 27 Aprili

Wewe Bonge,

Marahaba. Salamu za binti. Hali ya hewa ni nzuri. Salamu zimekwisha.

Sasa nisikilize. Nina jambo la kutubu na ninalitubu kwako kwanza. Lile ombi lako la kupungua sikuliomba sawasawa. Niliomba mara mbili tu kwa mwezi mzima, na mara ya pili nilisinzia katikati. Sala mbili, moja ya usingizi, haziwezi kuondoa sentimita sita! Mimi ni fundi, kiuno nakijua. Mtu mzima anayekula vizuri na kupanda ngazi anapunguza mbili, tena kwa malalamiko. Kwa hiyo usimsingizie Mungu wala usinisingizie mimi. Kuna kitu kinakula kiuno chako, na wewe unaniletea hadithi za maua.

Unasema unamtegemea Mungu. Vizuri. Lakini nakujua tangu unajificha chini ya kitanda siku ya chanjo, na hata huko chini ulikuwa unasema unasali. Watu mia tatu kwa siku wanaingia kwenye sanduku lako la chuma, wanabonyeza kitufe, wananing'inia hewani wakifikiria mambo yao. Hawakujui jina. Hawajawahi kuiona kamba. Wanaamini tu kwamba kuna mtu amekagua. Wewe ndiye uliyekagua, na wewe mwenyewe unashindwa kulala juu ya meza moja ya hospitali ukiamini kwamba kuna aliyekagua.

Sikushonei suruali mpaka uniandikie neno moja. Neno lenyewe unalijua. Ni kiungo cha mwili.

Dada yako aliyekasirika

N.B. Shikamoo mjomba. Ni mimi binti, mama amenituma posta na sijaifunga bahasha. Jirani hajaacha tarumbeta. Anapiga kila siku, na sasa anapiga nyimbo mbili. Mama ndiye hasikii. Simu nayo ni nzima, fundi anaitafutia ugonjwa tangu mwezi uliopita na ameshaifungua mara nne. Mama anasema wateja wote wameanza kunong'ona. Usimwambie nimekuambia.

*

Tarehe 30 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Maneno yako yalikuwa makali, na nimeyasoma yote, hata yale yaliyokuwa chini kabisa ya karatasi.

Nina swali dogo. Tarumbeta linaendeleaje? Na simu? Nauliza kama mtu aliyefunga na kuomba kwa ajili ya tarumbeta hilo, nina haki ya kupata taarifa kamili. Kwa sababu mtu anayeninyooshea kidole kuhusu tumbo inawezekana ana viungo vyake pembeni mwa kichwa ambavyo hajaviandika kwenye karatasi yoyote.

Mimi sijambo. Nimerudi kwenye mwili wangu, kiuno ni tisini na sita kama zamani. Suruali sina haja nayo. Ila nakutumia mkanda wangu, chuma chake cha kufungia kimelegea, na hapa hakuna anayeshona ngozi kama wewe.

Jambo langu la mwezi huu: niombee dada yangu aache kuficha mambo.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu Bonge,

Salamu, na safari hii ni salamu za kweli.

Mkanda umefika. Nimeuweka juu ya meza ya kukatia nikauangalia muda mrefu. Bonge, mtu mwenye kiuno cha tisini na sita ametoboa matundu manne mapya kwenye mkanda wake! Umetoboa kwa bisibisi, kingo zimechanika. La mwisho ni la juzi, ngozi yake bado nyeupe. Nimelipima. Ni sabini na tisa. Uliweza kudanganya kwa kalamu, halafu ukaufunga ushahidi kwenye karatasi ya kaki na kumtumia fundi cherehani. Nilicheka mpaka binti akaja kuniangalia. Kisha nikalia, naye akaniangalia tena.

Na mimi nikaona nianze, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Jambo ulilonituma niliombe limenirudia mwenyewe. Masikio yangu yanakufa. Nilijua tangu Machi. Jirani nilimwona dirishani ameweka tarumbeta mdomoni, mashavu yamevimba, na mimi sisikii kitu, nikakuandikia kwamba maombi yamejibiwa. Ilikuwa rahisi kumshukuru Mungu kwa uongo kuliko kumwomba msaada kwa ukweli. Hiyo ndiyo imani ya dada yako anayekuhubiria.

Juzi nimekwenda hospitali. Nilitetemeka kwenye benchi mpaka mwenzangu akadhani benchi ni bovu. Daktari akachukua bomba kubwa na maji ya vuguvugu, na kutoka sikio la kulia akatoa donge la nta na uzi. Uzi, Bonge! Wa bluu, wa sare. Miaka thelathini ya kushona imekaa humo. Nikasikia viatu vyake, nikasikia feni, nikasikia mtu anakohoa chumba cha tatu. Sikio la kushoto amelitazama kwa taa na kusema limekwisha, halirudi. Amesema kwa upole, akaniwekea mkono begani, na alikuwa na foleni ndefu nje lakini hakuharakisha.

Nilipofika mtaani kwetu jirani alikuwa anapiga. Bado anaanguka palepale katikati. Nilisimama na mkoba wangu nikasikiliza mpaka mwisho, naye akanipungia mkono.

Tangu siku hiyo nawaza kwamba sisi wawili tumemfanya Mungu karani, tunamletea fomu zilizojazwa vibaya kisha tunashangaa majibu. Yeye alikuwa ananihurumia wakati wote huo nikimshukuru kwa ukiziwi wangu. Sijui amenivumilia vipi.

Simu bado iko kwa fundi. Nimemwambia ni nzima, amekataa, anasema akianza kazi huimaliza.

Jambo langu, na hili ni la kweli: niombee sikio la kushoto, na kama halirudi, niombee nisiwe na uchungu. Naogopa kuzeeka katika kimya. Na wewe fanya utakavyo. Sikulazimishi tena.

Dada yako

*

Tarehe 29 Juni

Dada yangu,

Niombee tumbo.

Ndilo hilo neno. Naogopa, dada. Naogopa kwa sababu mama aliingia kwenye chumba cha upasuaji akiwa anatucheka, na mimi ndiye niliyemshikia viatu vyake. Nilivishika mpaka jioni. Tangu hapo nikisikia harufu ya dawa ya sakafu nageuka na kurudi nyumbani. Nilisema namtegemea Mungu, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia, nikiogopa nikimtajia tumbo naye atasema "hm."

Nimekwenda. Karatasi ya daktari ilikuwa imechakaa, wakaipokea hivyohivyo. Wamenipiga picha, kuna uvimbe, wanautoa. Tarehe 17 Julai. Kama ni ule mbaya au si ule mbaya hawajui mpaka wautoe. Lifti nimemkabidhi fundi mwingine, nimemwandikia kurasa sita kuhusu ya kushoto.

Sikio lako naliombea asubuhi na jioni, silali katikati. Na wewe usilale, tafadhali. Unajua siwezi kujiombea.

Bonge

*

Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Imetumia siku kumi na mbili njiani, nimemgombeza mtu wa posta mpaka akaomba maji. Nilikuwa na suruali ya mteja mguuni pa cherehani, nikaiacha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, nikapiga magoti palepale kwenye vipande na nyuzi.

Nilikuwa na maneno mengi niliyokuwa nimeyaweka tayari tangu Februari. Hata moja halikutoka. Nikafungua barua yako nikamsomea Mungu kama ilivyo, kuanzia "Dada yangu" mpaka "Bonge." Nilipofika kwenye viatu vya mama nikashindwa, binti akamalizia kusoma.

Tarehe 17 nitakuwa magotini tangu saa moja asubuhi na duka litafungwa. Jirani nimemwambia, maana sasa tunasalimiana kama watu, na amesema siku hiyo hatapiga tarumbeta. Nimemwambia apige. Nitakuja tarehe 28 kukupikia, na utakula mbele yangu.

Usiogope peke yako.

Dada yako

*

Tarehe 22 Julai

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwandiko umepinda kidogo, lakini ni wangu. Nakuandikia nikiwa kitandani hospitali, na mzee wa kitanda cha pili anakusalimu. Anakoroma kwa sauti ambayo hata sikio lako la kushoto lingeisikia.

Usishtuke. Daktari wa upasuaji alipata safari, wakanisogeza mbele. Jumapili tarehe 5 mtu alikuja nyumbani kuniambia niingie hospitali mchana uleule, kesho yake napasuliwa. Nilikupigia mara sita. Mara ya sita fundi wa simu akapokea, akasema haijapona. Nikasema sawa, barua nimeshaituma, dada ameshaipata, anajua.

Tarehe 6 asubuhi wakanisukuma kwenye kitanda chenye magurudumu. Gurudumu moja lilikuwa linahitaji mafuta, nikamwambia nesi, akasema leo wewe ni mgonjwa. Tukaingia kwenye lifti. Nilikuwa nimelala chali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaitazama lifti kama abiria. Sikuwa nimekagua kamba. Sikumjua aliyekagua. Nikashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, dada. Nesi akaniuliza, "Kuna mtu anakuombea leo?" Nikamwambia, "Yupo. Dada yangu yuko magotini saa hizi." Nikalisema kwa uhakika mkubwa, na nikatulia. Nesi akanishika mkono hadi mlangoni. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama samaki, lakini hakuniachia. Nikakumbuka sheria ya mama, sikujiombea hata neno moja. Nikafumba macho.

Uvimbe umetoka. Jana majibu yamerudi, si ule mbaya. Daktari alinieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia chochote baada ya neno "si." Jana hiyohiyo nimekula sahani mbili za chakula cha hospitali, ambacho kila mtu hapa anakilalamikia, na nikamwomba mzee wa kitanda cha pili anigawie chake.

Kisha leo mchana ikaletwa barua yako ya tarehe 11. Nimeisoma nikacheka, nikashika mshono. Halafu nikairudia ile sentensi ya kwanza. Umeandika kwamba yangu ilikufikia tarehe 11, saa nne asubuhi.

Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikamwomba nesi naye ahesabu. Saa ile ninamwambia uko magotini, wewe ulikuwa unashona suruali ya mtu na hukujua lolote, na barua yangu ilikuwa ndani ya gunia la posta mahali fulani njiani. Mimi sikujiombea. Wewe hukujua. Siku hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyekuwa ananiombea tumbo, dada, na nimeamka.

Bonge